Pengo Si Pale

Meno mia mbili na arobaini.
Niliyahesabu kwa ncha ya sindano, baridi ya Gyumri
ikigonga dirisha la karakana kama mdai:
mia mbili na arobaini kwenye ramu ya zamani,
mia mbili na arobaini kwenye mpya.
Nikamwambia baba mkwe, "Sawa kwa sawa. Ingiza."

Vardges huchonga majina ya wafu kwenye mawe meusi,
mkono wake haujui kutetemeka.
Akaishika, akailenga kwenye tundu, akasukuma.
Haikuingia.
Akasukuma tena. Ubao mama ukapinda,
ukalia kama sakafu ya mbao usiku.
"Acha," akajiambia mwenyewe. "Jiwe likikataa
usilipige. Liulize."

Tukaziweka ubavu kwa ubavu
chini ya taa anayochongea.
Urefu mmoja, meno yale yale,
lakini pengo si pale.
La zamani limekaa karibu na katikati,
la mpya limejisogeza pembeni
upana wa kucha ya mtoto,
na kwa ukucha huo
dramu zangu elfu sita zikawa hewa.

Muuzaji sokoni hakunidanganya.
Aliniuliza, "Ya kizazi gani?"
Nikajibu, "Ya kompyuta."
Akanitazama kama mtu aliyekuja kununua kiatu
akasahau mguu nyumbani.

Safari ya pili nilibeba ile ya zamani
ndani ya leso, kama jino la kumwonyesha daktari.
Nyuma ya stakabadhi ya mawe nilikuwa nimeandika:
kizazi cha pili,
kasi mia sita sitini na saba,
matundu mawili, na kila tundu
halibebi zaidi ya giga mbili.
Spartak akapekua sanduku la viatu, akatoa moja
ya bei ya kutupa. Pengo pale pale!
Nusura nimbusu.

Ikaingia. Tak. Vibano vikajifunga.
Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi,
kisha mlio: mrefu, kimya,
mrefu, kimya,
mpaka Vardges akavua kofia.

Kumbe ilitoka kwenye seva ya benki iliyofungwa.
Umbo lile lile, malezi mengine:
imezoea karani mlangoni,
kila neno likaguliwe kabla halijapita.
Kwenye ubao wetu wa kimaskini
haikuona wa kuongea naye.

Ya tatu sikununua.
Ofelya, msusi wa ng'ambo ya barabara,
alikuwa na kompyuta iliyouawa na umeme.
"Fungua kifua," akasema, "chukua utakacho,
niachie feni tu, nakaushia rangi ya kucha."
Ndani, vumbi na nywele za wateja wa miaka kumi,
na chini yake mbili, pacha,
giga mbili mbili, kizazi chetu, kasi yetu.
Nikayafuta meno yao kwa raba ya shule ya mwanangu,
nikapuliza, nikasukuma
huku nimefumba macho, sijui kwa nini.

Mlio mmoja. Mfupi.

Giga nne tumeweka, mashine inakiri tatu na robo.
Nilitaka kurudi kugombana. Na nani?
Mfumo wenyewe ni mzee,
huhesabu hadi pale unapoweza kuona.

Zamani, kufungua mchoro wa jiwe moja
ilikuwa birika lichemke, chai inywewe,
birika lichemke tena.
Leo Vardges aligusa kitufe, na jiwe la Mkrtich,
mwalimu wa hesabu, likajaa kioo chote
kabla sijapata sukari.
Akasogeza uso karibu.
"Herufi ya tatu," akasema, "imehama."
Mimi sikuona kitu.
"Ukucha mmoja," akasema,
akaivuta, polepole,
mpaka ikakaa.